Lenzi ya michezo ya ukumbini: kabla ya kuuliza inavuta kiasi gani, uliza inaingiza mwanga kiasi gani

Ukikaa na watu wanaopiga picha hapa Mbeya, iwe Kabwe, Mwanjelwa au Uyole, na hata ukienda Makambako au Iringa, swali la lenzi ya michezo linakuja kwa namna moja tu: "kaka, nataka lenzi inayovuta". Anayeuliza anaweza kuwa mwalimu wa michezo aliyekabidhiwa kamera ya shule, anaweza kuwa mama ambaye binti yake anacheza voliboli, anaweza kuwa kijana wa studio aliyezoea harusi za Jumamosi na sasa kaitwa kupiga mashindano ya karate ya madogo ndani ya ukumbi. Wote wanawaza umbali. Muuzaji naye anajua hivyo, kwahiyo anamtolea 75-300 au 70-300 (hizo ni milimita, kadiri namba ilivyo kubwa ndivyo inavyovuta), wanasimama nayo mlangoni mwa duka jua linawaka, wanavuta mpaka namba ya bajaji iliyoko ng'ambo ya barabara inasomeka, hela inatoka. Ijumaa mchana yupo ukumbini, watoto wanaruka, na kila picha anayoangalia kwenye kioo cha kamera ina mikono iliyofutika na sura ambayo mzazi mwenyewe haitambui.

Kamera haijaharibika na yeye sio kwamba hajui kupiga. Amenunua lenzi ya nje akaipeleka ndani, basi.

Umbali sio tatizo la ukumbini. Uwanja wa voliboli ni mita 18 kwa 9, wa kikapu ambao ndo mkubwa kidogo ni mita 28 kwa 15, eneo la pambano la karate ni mita 8 kwa 8 tu, na mpiga picha akiomba vizuri anaruhusiwa kukaa karibu kabisa na mstari. Kinachokosekana mle ndani ni mwanga, na hapa macho yanatudanganya sana maana jicho linazoea giza taratibu bila kukwambia, ukikaa dakika chache unaona mbona kuko sawa tu, wakati jua la mchana la huku nyanda za juu lina nguvu mara mia kadhaa ya zile taa za ndani. Kumbi zetu nyingi ni za mikutano, za shule, za makanisa, za vyuo, zilijengwa watu wakae kwenye viti wasikilize, hakuna aliyewaza kwamba siku moja kuna mtoto ataruka pale kupiga mpira. Taa za tyubu chache huko juu kwenye kenchi na baadhi zimeungua zamani, madirisha ya upande mmoja, ukuta umepakwa rangi ya mafuta ya bluu hadi usawa wa kifua. Na mwezi wa sita wa saba ukungu ukishuka, hata hayo madirisha yanakuwa hayana msaada.

Sasa tuanze na shata, maana ndiyo inayoamua kila kitu kingine. Shata ni muda ambao kamera inafungua jicho lake. Chukua mkono wa mtoto unaokwenda kupiga mpira, tuseme unakimbia mita 10 kwa sekunde, hiyo ni spidi ya kawaida tu kwa mchezaji wa sekondari. Ukiweka shata 1/60, katika huo muda mkono umesogea sentimita 16 na zaidi, yaani kwenye picha hakuna mkono, kuna mstari. Ukiweka 1/500 umesogea sentimita 2. Ukiweka 1/1000 ni sentimita 1, na hapo ndo unaona vidole. Kwahiyo kwa voliboli na kikapu 1/500 ndo pa kuanzia, chini ya hapo unabahatisha, na kwa teke la taekwondo au raketi ya mpira wa meza au badminton nenda 1/1000 kama mwanga unaruhusu. Hizi namba hazibadiliki kwa sababu una kamera ya bei kubwa, mkono wa mtoto haujui umeshika kamera gani.

Shata ikishapanda hivyo, mwanga unaoingia unakuwa mdogo mno, na unabaki na sehemu mbili tu za kuufidia, apacha na ISO.

Apacha ndo roho ya mada yetu. Ni tundu lililo ndani ya lenzi, na ile namba ya f inayoandikwa mbele kwenye mdomo wa lenzi inakwambia tundu linaweza kufunguka hadi wapi. Wengi wanachanganywa na kwamba namba ndogo ndo tundu kubwa, lakini ukijua inatoka wapi haikuchanganyi tena, ni milimita za lenzi, ile 50 au 85 iliyoandikwa juu yake, kugawanya kwa hiyo namba. Lenzi ya 85mm yenye f/1.8, chukua 85 gawanya kwa 1.8, unapata tundu la upana wa milimita 47. Chukua zumu yako, yaani ile lenzi inayovuta, ya 70-300 uiweke kwenye hiyo hiyo 85, hata tukiihesabia f/5.6 ambayo ndo inaishia ukivuta, 85 gawanya kwa 5.6 unapata milimita 15. Weka rula mezani uchore hizo duara mbili uone, milimita 47 na milimita 15, ukipiga hesabu ya eneo ile kubwa inapitisha mwanga karibu mara 10 ya ndogo. Mara 10! Hakuna seti ya kamera wala programu itakayokupa hiyo tofauti bure.

Na uangalie vizuri ile namba kwenye lenzi. Ikiandikwa f/4-5.6 au f/3.5-5.6 maana yake apacha inajifunga kadiri unavyovuta, ukiwa hujavuta una f/4, ukivuta mpaka mwisho una f/5.6, yaani unapotaka kumleta mtoto karibu ndo lenzi inakunyima mwanga. Lenzi iliyoandikwa namba moja tu, f/2.8 au f/1.8, haikufanyii hivyo.

ISO sasa. Hii ni namna kamera inavyokuza ule mwanga kidogo iliyopata, na kadiri inavyokuza ndivyo chenga zinavyotokea, yaani vile vidoa vidogovidogo kama mchanga kwenye picha. Nikupe mfano wa ukumbi wenye taa za wastani, tuseme umeweka shata 1/500. Ukiwa na f/1.8 utahitaji ISO 2000 hivi. Ukiwa na f/2.8 itapanda mpaka kama 5000. Ukiwa na f/5.6 inataka 20,000. Sasa angalia kamera walizonazo watu wengi huku, Canon 600D, 1200D na ndugu zao, ISO yake ya kawaida inaishia 6400, ukilazimisha inaenda 12,800 na picha inakuwa chenga tupu. Yaani ile zumu ya f/5.6 inaomba kitu ambacho kamera haina kabisa. Ndo maana ukiacha kamera ijipange yenyewe inateremsha shata mpaka 1/60 au 1/100 ili picha isiwe nyeusi, na hapo ndo mikono inafutika. Mtu analaumu fokasi, yaani ulengaji wa kamera, kumbe ni shata imeshuka kimyakimya.

Hapohapo niseme kitu kuhusu chenga maana watu wanaziogopa kupita kiasi. Chenga zinavumilika na zinapunguzwa, siku hizi programu ya Lightroom tangu 2023 ina zana ya kusafisha chenga inayofanya kazi nzuri sana, na picha ikiwekwa kwenye simu ndogo hazionekani hata. Mkono uliofutika hakuna programu ya kuurudisha. Kwahiyo ukibanwa, pandisha ISO usishushe shata. Na usipige picha ya giza kwa makusudi ukisema utaing'arisha nyumbani, picha iliyong'arishwa baadaye inatoka na chenga mbaya kuliko ile ambayo ungepandisha ISO palepale.

Simu nazo zinaandikwa f/1.8 na mtu anauliza kwanini asitumie simu. Sensa ya simu, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo mno, tundu lake kwa milimita ni dogo, mwanga wote unaokusanywa ni kidogo, na simu yenyewe inapenda kushusha shata ndani ya nyumba. Kwa watoto waliosimama kupokea medali simu iko vizuri. Kwa mpira ulio hewani, hapana.

Haya, hoja inayofuata ya kila mtu ni kwamba 50 au 85 "haifiki". Hapa tupige hesabu badala ya kubishana. Kamera nyingi za bei ya chini zina sensa ndogo, kwa Canon inabana picha mara 1.6, kwa Nikon, Sony na Fujifilm mara 1.5, kwahiyo 50mm ya kwako inaona kama 80mm, na 85mm inaona kama 136mm, hiyo tayari ni kuvuta. Kwa Canon hizo, ukisimama mita 10 kutoka kwa mchezaji na 50mm, picha inachukua upana wa mita 4 na nusu na kimo cha mita 3. Ukiwa na 85mm umbali huohuo, unapata mita 2.6 kwa 1.75, yaani ukiigeuza kamera kusimama wima mtoto mmoja akiwa ameinua mikono anaijaza picha yote. Hesabu yake ni rahisi, umbali kwa mita mara upana wa sensa ambao kwa Canon ni milimita 22.3, gawanya kwa milimita za lenzi, basi una upana wa picha kwa mita.

Tuiweke kwenye voliboli. Unakaa kona, nyuma ya mstari wa mwisho, nje kidogo ili mchezaji akirudi nyuma asikukanyage. Kutoka hapo mpaka kwenye neti ni mita 9 na ushee. Binti wa upande wako anaruka kupiga, wawili wa ng'ambo wanainua mikono kumzuia. Ukiwa na 50mm una upana wa mita 4, anayepiga yumo, wanaomzuia wamo, mpira umo, vizuri kabisa. Ukiwa na 85mm palepale unapata mtu mmoja tu na kipande cha neti, inaweza kuwa picha kali ya sura lakini hadithi imekatika. Lakini geuza sasa, wa ng'ambo ndo anashambulia, anakuja amekuelekea usoni, yuko mita 12 kutoka ulipo, hapo 85mm inakupa mita 3 kwa 2 na unaona macho yake yanafuata mpira juu ya neti na mdomo umefunguka, na hiyo ndo picha mzazi atakayoiweka ukutani. Kwa karate unakaa nje kidogo ya mkeka, katikati ya pambano ni kama mita 6 au 7, 50mm inawachukua wote wawili kuanzia unyayo mpaka ngumi iliyo juu. Kwa kikapu ukikaa chini ya goli, mita 4 au 5, hata 50 inabana, 35mm ndo yake.

Kwahiyo ukiniuliza mimi ununue ipi ya kwanza kwa kumbi zetu na kamera zetu hizi, nitakwambia 50mm f/1.8 uanze nayo na 85mm f/1.8 ifuate, na kama tayari una 50 basi nenda moja kwa moja kwenye 85. Kwa Canon ile 50mm STM iliyotoka 2015 ilizinduliwa Marekani kwa dola 125 hivi, ndo ya bei ya chini kabisa, ina gramu 160 tu, na 85mm USM ni ya tangu 1992 mpaka leo watu wanaitumia kwa sababu mota yake inashika fokasi haraka. Hapa kuna tofauti ya kujua, mota ya STM ni tulivu na nzuri lakini kwa mtu anayekimbia kuja kwako inachelewa kidogo ukilinganisha na USM, kwahiyo na 50 ujifunze kuwahi kufokasi kabla mchezo haujafika. Upande wa Nikon kuna 35mm f/1.8G ya DX (yaani ya kamera za sensa ndogo), 50mm f/1.8G na 85mm f/1.8G, zote nzuri kwa kazi hii.

Wa Nikon msinunue kabla hamjasoma hili: kamera za D3000 mpaka D3500 na D5000 mpaka D5600 hazina mota ya fokasi ndani ya bodi, yaani mwili wa kamera. Lenzi za zamani zilizoandikwa AF-D zinategemea mota ya bodi, ukiifunga kwenye D3200 inapiga picha ila fokasi unazungusha kwa mkono, na kwa mtoto anayeruka hiyo haiwezekani. Hizo AF-D ndo zinauzwa bei poa na zinaonekana imara, mtu anavutika. Tafuta iliyoandikwa AF-S. Na kwa wale waliohamia Nikon za kisasa zisizo na kioo ndani (mirrorless), adapta ya FTZ, ile ya kufungia lenzi hizi za zamani, nayo haina hiyo mota, kwahiyo hali ni ileile. Kwa Canon wamebahatika, lenzi za EF na EF-S zinafanya kazi vizuri kwenye kamera za R, zile mirrorless za Canon, kwa adapta, fokasi na kila kitu.

Sio kwamba f/1.8 haina gharama yake. Tundu likifunguka sana, eneo lililo kwenye fokasi linakuwa jembamba. Na 85mm kwa f/1.8 ukimpiga picha mtoto aliye mita 10, una karibu mita moja ya kina kilicho safi, hapo huna shida. Akisogea mita 5, kina kinabaki sentimita 24, yaani ukifokasi kwenye ngumi ya karate uso umepotea. Kwahiyo akiwa karibu funga kidogo mpaka f/2.2 au f/2.5 kama ISO inakuruhusu, na weka pointi ya fokasi moja, ile ya katikati ambayo kwenye DSLR nyingi, zile kamera zenye kioo ndani, ndo yenye nguvu, iwe kwenye kifua au jina la jezi, kamera iwe kwenye fokasi ya kufuatilia, ile inayoitwa AI Servo kwa Canon au AF-C kwa wengine. Faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi: DSLR inafokasi tundu likiwa wazi kabisa hata kama utapiga kwa f/4, kwahiyo lenzi ya f/1.8 inaipa kamera mwanga wa kuona inachofokasi, na ndo maana kwenye kumbi zenye giza zumu ya f/5.6 inahangaika mbele nyuma wakati 85 imeshashika.

Stabilaiza, yaani ile IS au VR, inauzwa kwa maneno mengi sana dukani. Inatuliza mkono wako wewe. Haimtulizi mtoto anayeruka. Ukiwa kwenye 1/500 mkono wako wala hautikisiki kiasi cha kuonekana, kwahiyo usiongeze hela kwa ajili ya hiyo kama kazi yako ni michezo ya ndani.

Kuna wanaosema lenzi ya michezo ni 70-200 f/2.8 na hakuna nyingine. Ni lenzi nzuri sana na nikisema vibaya nitakuwa muongo, unasimama sehemu moja unapata uwanja mzima, fokasi yake ni ya hali ya juu. Lakini ni mzigo wa kilo moja na nusu, mpya ya Canon toleo la tatu la 2018 ilitoka kwa zaidi ya dola 2,000, na kwenye ukumbi wenye giza f/2.8 inaingiza mwanga pungufu mara mbili na nusu ya f/1.8. Kwenye kumbi za vyuo zenye taa za maana, 70-200 f/2.8 inatosha na inakupa uhuru. Kwenye ukumbi wa shule wenye tyubu nne, mtu mwenye 85 ya f/1.8 kwenye kamera ileile atapata shata ya juu zaidi. Kuna pia Sigma 50-100mm f/1.8 ya 2016, kwa kamera za sensa ndogo tu, ambayo ni kama ilitengenezwa kwa hii kazi, ila nayo ni nzito hivyohivyo na kuipata huku inabidi uwe na subira.

Na wakati mwingine cha kubadilisha ni bodi. Fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa, iliyotumika kama Canon 6D ya 2012 inakupa kama stopu moja na kidogo (stopu moja ni mwanga mara mbili) ya unafuu kwenye chenga, ISO 6400 yake inaonekana safi. Ila ukihamia fulu fremu kumbuka 85 yako haivuti tena kama 136, inaona karibu sawa na 50 ilivyokuwa kwenye kamera ndogo, na ili urudi ulipokuwa unahitaji 135mm f/2 ambayo ni hela nyingine. Kwa bajeti moja, mimi naweka lenzi kwanza.

Kuna kitu kinawatesa watu na wanakisingizia lenzi, taa zenyewe. Umeme wetu ni wa 50Hz, na tyubu za zamani zinazimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde, jicho halioni lakini kamera ikiwa kwenye 1/500 inakamata kipande tu cha huo mzunguko. Unapiga picha tano mfululizo, ya kwanza inang'aa, ya pili ya njano na giza, ya tatu imekuwa kahawia upande wa chini. Hata lenzi ya milioni kumi haitibu hilo. Kamera kama Canon 7D Mark II ya 2014, 80D na nyingi za baada ya hapo zina seti ya kupambana na mpepesuko wa taa, iwashe, kamera inasubiri taa ikiwa kwenye kilele ndo inapiga. Kama yako haina, piga nyingi mfululizo uchague, au kama tukio linaruhusu shuka mpaka 1/100 kwa picha za benchi na za kocha. Wenye kamera zisizo na kioo mzime shata ya kielektroniki mtumie ya kawaida, maana chini ya taa za LED ile ya kielektroniki inaweka michirizi kwenye picha. Na pigeni RAW, yaani faili ghafi ya kamera, rangi ya ile bluu ya ukutani ikiwapiga watoto usoni mtaweza kuirekebisha.

Flashi usiipeleke. Inawapiga watoto machoni wakiwa hewani, waamuzi wengi hawaitaki.

Halafu ukiwa na lenzi fupi unakuwa karibu na watoto, watu wote wanakuona, na mimi naona ni jambo zuri maana inakulazimisha kuongea na mwalimu na wazazi kabla. Waambie picha zinaenda wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, lakini hata bila sheria mtoto wa mtu ni mtoto wa mtu, mzazi akisema picha ya mwanae isipande mitandaoni haipandi.

Kabla hujatoa hela, jaribu bila kununua. Chukua ile lenzi iliyokuja na kamera, 18-55, iweke kwenye 50, usimame pale utakaposimama siku ya mechi, piga, picha zitatoka chenga au zimefutika lakini unachoangalia ni ukubwa wa mtoto ndani ya picha. Kama una zumu ndefu iweke kwenye 85 ufanye hivyohivyo. Fungua na picha zako za zamani kwenye kompyuta uangalie taarifa zake, kila picha inaandika ilipigwa kwa milimita ngapi, shata ngapi, ISO ngapi, na wengi wakiangalia wanakuta zile picha wanazozipenda za ndani zilipigwa kati ya 40 na 100. Alafu mwanga nao upime: weka f/5.6, shata 1/500, ISO 6400, piga uone picha ina giza kiasi gani. Ikiwa na giza kidogo tu, f/2.8 inakutosha. Ikiwa nyeusi kabisa, usipoteze muda na chochote kilicho juu ya f/2. Na kama unafahamiana na wapiga picha wa harusi, wengi wana 85 f/1.8 au 70-200, katikati ya wiki zimelala tu kwenye begi, ongea nao wakukodishie siku moja, kukodi mara moja ni rahisi kuliko kununua kitu kisichokufaa.

Wengi wetu tunanunua zilizotumika, kwahiyo fika na kamera yako na tochi. Zima kila kitu, mulika tochi kwa nyuma ya lenzi uangalie kwa mbele ukiwa umeinamisha kidogo. Vumbi dogo halina neno, hakuna lenzi isiyo na vumbi. Unachotafuta ni nyuzinyuzi nyeupe zilizotawanyika kama utando wa buibui, hizo ni fangasi, na kwa mikoa yetu hii, hasa lenzi iliyokaa Tukuyu au Rungwe ambako mvua haikauki, ni kitu cha kutegemea kabisa. Fangasi zinakula tabaka la kioo, picha inakosa ukali hasa ukipiga kuelekea dirishani, achana nayo hata kama bei ni ya kutupa. Angalia majani ya apacha yasiwe na mafuta. Kisha ifunge kwenye kamera, weka f/1.8, mfokasi mtu anayetembea kuja kwako mara kadhaa, sikiliza mota isikwaruze, kuza picha kwenye kioo uangalie kope zake, kama kila picha fokasi imeangukia kwenye masikio badala ya macho basi ina kasoro, mrudishie mwenyewe.

Ukishaipata, siku za baridi usiitoe kwenye begi mara tu unapoingia ukumbini. Lenzi imetoka nje ni ya baridi, ndani watu wamejaa wanapumua na kushangilia, kioo kinashika ukungu palepale na ukiufuta kwa fulana unaurudisha tena. Iache kwenye begi lililofungwa nusu saa hivi ipate joto la ndani, wewe tumia huo muda kuongea na mwamuzi upate kona yako. Nyumbani usiihifadhi kwenye begi la ngozi lililofungwa chini ya kitanda, ndiko fangasi zinakopenda. Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu inatosha, ila hivyo vipakiti uvibadilishe, vikishashiba unyevu havifanyi kitu.